Oksijeni ni sababu dhaifu: kazi ya mti iko wapi hasa

Ukiuliza miti ina faida gani kwa mazingira, jibu linalotangulia karibu siku zote ni oksijeni. Limeandikwa kwenye mabango, linafundishwa darasani, linarudiwa kila inapofika siku ya kupanda miti. Kati ya majibu yote yanayoweza kutolewa, hilo ndilo dhaifu kuliko mengine, na udhaifu wake una madhara. Kama kazi ya mti ni kutoa oksijeni, basi mti wowote mahali popote unatosha, na aliyepanda mingi zaidi ndiye aliyefanya vizuri zaidi. Ndivyo maelfu ya miche inavyochomekwa ardhini kwa siku moja, ikapigwa picha, na kiangazi kikaikuta haina mwenyewe.

Hesabu ya oksijeni iko hivi. Asilimia 21 hivi ya hewa ni oksijeni, na akiba hiyo imejikusanya kwa mamia ya mamilioni ya miaka. Jani hutoa oksijeni mchana linapotengeneza sukari kwa mwanga wa jua. Lakini mti wenyewe nao unapumua, usiku na mchana, na unatumia sehemu ya oksijeni hiyo. Jani likianguka na kuoza, bakteria, kuvu na wadudu wanaolila hutumia nyingine. Msitu uliokomaa unatumia karibu oksijeni yote unayoitoa. Mwaka 2019, moto ulipowaka Amazon, ilisambaa habari kwamba msitu ule hutoa asilimia 20 ya oksijeni ya dunia. Ukitoa kile unachokitumia wenyewe, kinachobaki ni karibu na sifuri. Amazon ina sababu nzito sana za kulindwa, ila hiyo si mojawapo.

Kaboni ni hoja yenye nguvu zaidi. Jan Baptist van Helmont, daktari wa Brussels, alipanda mti mchanga wa kilo 2 na ushee ndani ya pipa lenye udongo mkavu wa kilo 90, akaumwagilia kwa miaka 5. Mti ulifika kilo 77 hivi, udongo ukapungua gramu 60 tu. Matokeo yake yalichapishwa 1648, na yeye aliamini kwamba mti wote umetokana na maji. Alikuwa nusu ya njia. Sehemu kubwa ya ubao mkavu imetoka hewani: jani huvuta hewa ukaa, hubaki na kaboni na kuiunga kuwa sukari, kisha kuwa shina. Karibu nusu ya uzito wa mbao kavu ni kaboni, na kila kilo ya kaboni iliyofungwa humo ni kilo 3.67 za hewa ukaa zilizoondolewa angani. Mti ambao shina, matawi na mizizi yake vikikaushwa vina uzito wa tani moja umeshikilia takribani kilo 1,830 za hewa ukaa.

Mche wa sentimita 40 umeshikilia gramu chache. Tofauti hiyo watu huisahau wanapokata mti wa miaka 60 na kuahidi kupanda kumi mahali pake. Utafiti wa 2014 uliopima spishi 403 kutoka mabara mbalimbali ulionyesha kwamba katika karibu spishi zote, mti kadiri unavyokuwa mkubwa ndivyo uzito unaoongeza kwa mwaka unavyozidi kuwa mkubwa, kwa sababu una majani mengi zaidi ya kufanyia kazi. Miche kumi hailipi deni la mti mmoja mzee kwa miongo kadhaa, hata ikipona yote. Ukiuchoma ule uliokatwa, kaboni yake inarudi angani siku hiyo hiyo. Ukioza, inarudi kwa miaka. Ukawa boriti au mlango, inakaa humo mpaka boriti iishe. Na hewa ukaa, iliyokuwa sehemu 280 kwa milioni kabla ya viwanda, sasa imepita 420 hasa kwa sababu ya makaa ya mawe, mafuta na gesi. Hakuna eneo la kupanda miti linaloweza kufuta hilo huku uchomaji ukiendelea.

Halafu kuna joto. Kila lita ya maji inayopaa kutoka kwenye majani huondoka na nishati ya karibu yuniti 0.68 za umeme. Mti mkubwa wenye maji ya kutosha mizizini hupoteza lita 100 kwa siku ya jua bila shida, na mingine hupoteza zaidi ya hapo. Lita 100 ni yuniti 68 za joto zilizoondolewa mahali hapo. Ndiyo maana kivuli cha mti kina ubaridi ambao kivuli cha bati hakina: bati huzuia jua, lakini lenyewe huwaka na kumwaga joto chini, wakati jani linajipoza. Sharti ni maji. Udongo ukikauka, mti hufunga vitundu vya majani yake ili usife, na ubaridi huo unakoma. Mti uliozungukwa na saruji hadi shinani unafunga mapema, kwa hiyo ukitaka kivuli cha kweli uwanjani, acha ardhi iliyo wazi inayopitisha maji kuuzunguka, kwa upana wa mita 2 angalau, na zaidi pakiwapo nafasi.

Maji, bila kupamba

Hapa ndipo penye kazi kubwa ya mti, na ndipo penye maneno mengi yasiyo sahihi. Husemwa kwamba miti "huleta maji". Mti unakunywa maji. Mwaka 1982 watafiti Bosch na Hewlett walikusanya matokeo ya majaribio 94 ya vidakio, yaani maeneo ambayo maji yake yote hukusanyika kwenye mto mmoja, wakakuta mwelekeo mmoja: miti ikiondolewa, maji ya mto kwa mwaka huongezeka, ikipandwa, hupungua. Kwa misonobari na mikaratusi, kila asilimia 10 ya kidakio inayofunikwa hupunguza kwa wastani milimita 40 za maji kwa mwaka. Katika kidakio cha hekta 100, hiyo ni kupanda hekta 10 na kupoteza mita za ujazo 40,000.

Kwa nini basi vijito hukauka msitu unapofyekwa? Kwa sababu jumla ya maji ya mwaka na maji ya mwezi wa kiangazi ni mambo mawili. Msitu hauongezi jumla. Unabadilisha njia ambayo maji yanapita. Penye msitu mzuri, mvua huzama ardhini, husafiri polepole chini, na hutokea kwenye chemchemi wiki au miezi baadaye. Msitu ukishaondoka, na udongo ukakanyagwa na mifugo, ukalimwa hovyo au kuchomwa kila mwaka, mvua ile ile hutiririka juu, hufika mtoni kwa saa chache kama mafuriko, na kiangazi hakuna kilichobaki. Kijito huuawa zaidi na udongo uliofunga kuliko kupotea kwa miti yenyewe. Mti ni njia mojawapo ya kuufungua tena.

Huko Hubbard Brook, New Hampshire, nchini Marekani, miti yote ya bonde dogo la hekta 15 na ushee ilikatwa majira ya baridi ya 1965, ikaachwa ilipoangukia, na dawa ikatumika kuzuia uoto usirudi kwa miaka 3. Mwaka wa kwanza maji ya kijito yaliongezeka kwa asilimia 40 hivi. Lakini yalibeba naitreti (nitrojeni iliyoyeyuka majini) nyingi kiasi cha kupita kiwango kinachokubalika kwa maji ya kunywa, kwa sababu hakukuwa tena na mizizi ya kuikamata nitrojeni iliyokuwa ikitolewa na majani yanayooza. Maji zaidi, ila yameondoka na rutuba.

Hii ndiyo sababu kupanda mikaratusi kwenye chemchemi ni kosa, na kuzungushia chemchemi uoto wa asili ni sahihi, ingawa vyote viwili huitwa "kupanda miti". Mkaratusi hukua haraka na unakunywa kwa kiwango cha ukuaji wake. Unafaa kwa nguzo na kuni penye mvua nyingi na mbali na chanzo cha maji. Kwenye chanzo, kinachotakiwa ni mchanganyiko wa nyasi, vichaka na miti ya hapo hapo, bila kukanyagwa. Hata nafasi kati ya miti ina maana. Utafiti wa Saponé, Burkina Faso, uliochapishwa 2016, ulionyesha kwamba katika nchi kavu maji mengi zaidi huzama hadi chini ya ardhi penye miti ya wastani kuliko pasipo na mti au penye miti iliyosongamana: bila miti maji hayazami vizuri, na ikizidi inayanywa yote.

Udongo unashikwa na nini

Tone kubwa la mvua lina kipenyo cha milimita 5 hivi na huanguka kwa kasi ya karibu mita 9 kwa sekunde. Likipiga udongo mtupu huvunja chembe, na vumbi lililovunjika huziba vitundu ambavyo maji yangepitia. Baada ya dakika chache juu kunakuwa na ngozi ngumu, na maji huanza kutiririka.

Wengi hudhani matawi ndiyo kinga. Si hivyo. Maji yaliyonaswa na majani huungana kwenye ncha za majani na kuwa matone makubwa kuliko ya mvua yenyewe, na yakianguka kutoka mita 8 au zaidi yanakuwa yamerudisha sehemu kubwa ya kasi yake. Ndiyo maana chini ya misaji mirefu, yenye majani mapana, penye sakafu iliyofagiwa au kuchomwa, utakuta mizizi imechimbuliwa na vijifereji vimejichora. Kinga ni tabaka la majani yaliyoanguka, magugu mafupi na miche inayochipua chini. Anayefagia chini ya miti yake kila asubuhi na kuchoma alichokusanya ameondoa kinga yenyewe akabaki na pambo. Acha majani yafike unene wa sentimita 5 hadi 10. Yakizidi njiani, yasogeze, usiyachome.

Mizizi nayo haishuki kama watu wanavyoichora. Mingi iko ndani ya sentimita 60 za juu, na huenea mbali, mara nyingi kupita mara mbili ya upana wa matawi. Ikifa huacha vichirizi ambavyo maji hushukia. Kwenye mteremko hushona udongo, na mti ukikatwa kazi hiyo haikomi siku hiyo: mizizi huoza taratibu, na mteremko huweza kuporomoka miaka kadhaa baadaye, wakati kila mtu amesahau kwamba palikuwa na msitu.

Kuhusu rutuba, kuna jambo linalochanganywa sana. Jamii ya mikunde inasifiwa kwa kuongeza nitrojeni, na ni kweli kwa mlusina au Faidherbia albida, mti wa miiba unaofanana na mgunga, ambao una uzuri wa ziada: hupukutisha majani msimu wa mvua, hivyo haiwekei mazao kivuli. Lakini mjohoro, ambao ni wa jamii hiyo hiyo, hauna vinundu mizizini, vile vivimbe vyenye bakteria wanaonasa nitrojeni ya hewani, kwa hiyo haufungi nitrojeni yoyote. Mvinje si mkunde kabisa, na unafunga nitrojeni. Kwa hiyo chimba mche, tazama mizizi. Vinundu vikipasuliwa na kuonekana vyekundu au waridi ndani, kwenye mikunde, vinafanya kazi. Vyeupe au kijani havifanyi.

Mche unaokufa, na sababu zake

Mti haufanyi lolote kati ya hayo mpaka upone kiangazi cha kwanza na cha pili. Makosa mengi huanza kitaluni, miezi kabla ya siku ya kupanda.

Mchanganyiko wa kawaida wa kujazia viriba, yaani vifuko vya kuoteshea miche, ni sehemu 3 za udongo wa juu, sehemu 2 za samadi iliyooza kabisa, na sehemu 1 ya mchanga. Samadi mbichi huunguza mizizi. Ongeza makonzi machache ya udongo kutoka chini ya mti mzima wa aina ile ile, kwa sababu una kuvu wanaoishi na mizizi na kuisaidia kunyonya fosforasi na maji. Misonobari ilipopelekwa nchi nyingi za joto ilidumaa na kugeuka njano, mpaka ulipoletwa udongo wenye kuvu wake.

Kiriba kikikaa ardhini muda mrefu, mzizi mkuu hutoboa na kuingia chini. Siku ya kuking'oa unakatika na mche unanyauka. Inua viriba kila baada ya wiki 2 au 3 na ukate mizizi iliyotokeza. Mche uliozeeka ndani ya kiriba una kasoro mbaya zaidi, kwa sababu haionekani: mizizi hujizungusha, na hubaki imejizungusha hata baada ya kupandwa. Mti hukua vizuri miaka mitano au sita, kisha upepo wa kawaida unauangusha, na ukitazama chini unakuta fundo. Mche wenye fundo la namna hiyo usipandwe. Wenye mizizi iliyoanza tu kuzunguka, kata kwa kisu kikali mistari mitatu ya wima pembeni mwa bonge la udongo.

Wiki 4 hadi 6 kabla ya kupanda, punguza kivuli na maji hatua kwa hatua. Mche uliolelewa kivulini na kumwagiwa maji kila siku huwa mrefu, laini na wa kijani kinachopendeza, nao ndio wa kwanza kufa. Chagua mfupi wenye shina nene, urefu wa sentimita 30 hadi 50.

Chimba shimo kabla ya mvua, upana na kina cha sentimita 60 penye udongo mgumu, 45 penye udongo laini. Udongo wa juu weka upande mmoja, wa chini upande mwingine, na unaporudisha anza na wa juu, kwa kuwa ndio wenye rutuba na mizizi inakwenda kule. Kwenye mfinyanzi, kwaruza kuta za shimo. Zikiwa laini mizizi hugeuka ndani na maji hutuama. Subiri mvua iloweshe ardhi angalau sentimita 30 kwenda chini ndipo upande. Mvua ya kwanza hudanganya: huloesha juu, kisha jua huwaka wiki mbili.

Ondoa kiriba chote. Kukipasua chini tu na kukiacha hakutoshi. Shingo ya mche, mahali shina linapokutana na mizizi, iwe usawa wa ardhi. Ukiizika, gome huoza. Ukiiacha juu, mizizi hukauka. Kanyaga kwa kisigino taratibu kuondoa mifuko ya hewa, na tandaza majani makavu au nyasi unene wa sentimita 5 hadi 10, kwa kuacha sentimita 10 wazi kuzunguka shina ili pasiwe na unyevu wa kuozesha gome wala maficho ya panya. Penye mchwa wengi, sogeza matandazo mbali zaidi, na kumbuka kwamba mchwa mara nyingi humalizia mche ambao kiu ilishaudhoofisha.

Muuaji mkubwa ambaye hasemwi ni nyasi. Mizizi ya nyasi iko kwenye kina kile kile na ni myepesi kuliko ya mche, kwa hiyo mvua fupi zote huishia kwake. Palilia duara la mita 1 kuzunguka kila mche, mara 2 au 3 kwa mwaka, kwa miaka 2. Kama nguvu ya kupalilia ni ya miche 200, panda 200, hata kama umepewa 1,000. Kiangazi, mwagia lita 10 hadi 20 mara moja kwa wiki badala ya lita 1 kila siku. Maji kidogo ya kila siku hufundisha mizizi kukaa juu, penye kukauka kwanza. Kwenye mteremko, tengeneza tuta la nusu mwezi upande wa chini wa shimo ili likamate maji yanayotiririka.

Kwenye pwani, kosa la kawaida la kupanda mikoko ni kuchomeka miche kwenye tope tupu lililo chini mno, kwa sababu hapo ni wazi na hakuna mwenye nalo. Mkoko unavumilia kufunikwa na maji kwa saa kadhaa, si muda wote. Mara nyingi kurekebisha njia ya maji, kwa mfano kuvunja tuta la bwawa lililoachwa, kunatosha: mbegu huelea zenyewe na kushika.

Na yapo maeneo yasiyotakiwa kupandwa kabisa. Mbuga za nyasi za asili zina kaboni nyingi ndani ya udongo wake na viumbe ambavyo haviwezi kuishi kivulini. Kuzifunika kwa msitu wa aina moja ni kuharibu mazingira kwa jina la kuyatunza. Mathenge, mti wa miiba wa jamii ya Prosopis, nao ulipandwa kwa nia njema ya kuzuia jangwa, sasa umefunga malisho na njia za maji.

Mti uliopo tayari

Kabla ya kununua mche mmoja, tembea shambani ukitazama chini. Visiki vingi vilivyokatwa miaka iliyopita bado vina mizizi hai, na kila msimu huchipua, kisha hukatwa au kuliwa tena. Kukuza machipukizi hayo huitwa kisiki hai. Nchini Niger, kuanzia miaka ya 1980 katika eneo la Maradi, wakulima walirudisha miti kwa njia hii kwenye mashamba ya takribani hekta milioni 5 katika miaka 20 hivi, karibu bila kupanda chochote.

Sababu ya kufaulu ni rahisi: mzizi umeshafika penye maji, kwa hiyo chipukizi halipitii kiangazi cha kwanza kama mche. Mwisho wa kiangazi, chagua visiki vya aina unazozihitaji. Shambani penye mazao, 40 kwa hekta vinatosha kuanzia. Katika kila kisiki bakiza machipukizi 3 hadi 5, marefu, yaliyonyooka na yaliyoachana, na ukate mengine karibu kabisa na kisiki kwa panga kali, ukikata kutoka chini kwenda juu ili gome lisichanike. Pogoa matawi ya pembeni kwenye nusu ya chini ya kila chipukizi, usizidishe, kwa sababu shina lililovuliwa majani mengi huwa jembamba na kupinda. Tandaza ulichokata pale pale. Funga kitambaa au alama ya rangi ili wachungaji na wakataji kuni wajue kwamba kisiki hicho kina mwenyewe, na kubaliana nao kabla mifugo haijaingia, si baada. Rudi kila baada ya miezi 2 hadi 6 kuondoa machipukizi mapya. Kuanzia mwaka wa pili au wa tatu unaweza kuvuna shina moja kwa kuni au nguzo, ukateua chipukizi jingine kushika nafasi yake.